Kwenda Tezi na Omo: Meli Kubwa na Usemi wa Mahali

"Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Methali hii hufundishwa kila mwaka katika shule zetu. Mwalimu huiandika ubaoni, wanafunzi huinakili, kisha maana yake hutolewa kwa sentensi moja: uende utakako, mwishowe utarejea ulikoanzia. Kengele inapolia, methali hufungiwa daftarini pamoja na nyingine mia. Ni nadra mwanafunzi kuuliza tezi ni nini, omo ni wapi, na ngama iko sehemu gani ya chombo. Na akiuliza, mwalimu aghalabu hukimbilia kamusi. Nakiri kwamba nami nilikuwa miongoni mwa walimu hao. Nilizaliwa mbali na bahari, nikajifunza msamiati wa vyombo vya majini vitabuni, na kwa miaka mingi nikawaeleza wanafunzi habari za ngama bila ya kuwahi kulala hata usiku mmoja ndani ya chombo chochote.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Miaka michache iliyopita nilikuwa Uingereza kwa shughuli za utafiti, nikatakiwa kufika New York kushiriki kongamano la wanaisimu. Badala ya kupanda ndege, nilikata tikiti ya chumba cha bei ya chini kabisa katika meli iitwayo Queen Mary 2, nikaabiri kutoka bandari ya Southampton. Safari ilichukua siku saba. Kwa kuwa tulikuwa tukielekea magharibi, saa zilirudishwa nyuma mara tano, hivyo siku tano kati ya hizo zilikuwa na saa 25. Msomaji mpendwa, mtu aliyepewa saa tano za ziada, naye hana mtihani wa kusahihisha, hana udhuru wa kutoijua meli aliyomo. Niliizunguka juu na chini, daftari mkononi, na makala haya ni matunda ya mizunguko hiyo.

Kwanza vipimo. Meli hii iliundwa katika karakana za Saint-Nazaire, Ufaransa, kwa michoro ya mhandisi Mwingereza, Stephen Payne. Malkia Elizabeth wa Pili aliipa jina tarehe 8 Januari 2004, na siku nne baadaye ikaanza safari yake ya kwanza ya abiria. Urefu wake ni mita 345. Hata ukipanga viwanja vitatu vya kandanda kimoja mbele ya kingine, meli bado itavizidi. Kutoka mkukuni hadi kileleni mwa dohani ni mita 72, na dohani yenyewe ilipimwa kwa makini ili meli iweze kupita chini ya daraja la Verrazzano-Narrows langoni mwa New York. Huchukua abiria zaidi ya 2,600, wanaohudumiwa na mabaharia na watumishi zaidi ya 1,200. Huo ni mji, japo ni mji uliozungushiwa ukuta wa chuma na usio na kitongoji cha kuhamia.

Nilipokuwa nikiuzunguka mji huo, kazi yangu ya darasani haikuniacha. Kiswahili ni lugha inayojali sana mahali. Kimetenga ngeli nzima kwa ajili hiyo, ngeli ambayo wanafunzi huijua kwa jina la PAKUMU. Tukiongeza kiambishi -ni kwenye nomino meli tunapata melini, na kuanzia hapo lugha hututaka tuchague. Melini hapa ni mahali mahususi, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Melini huku ni eneo la jumla lisilo na mipaka iliyo wazi, au upande ambako mtu anaelekea. Melini humu ni ndani. Meli ni ileile, lakini msemaji hana budi kubainisha anaitazama vipi. Basi nikaazimia kuitazama meli hii kwa macho hayo matatu, nione mpangilio wake unasema nini kuhusu watu waliomo.

Tuanze na huku. Kitu cha kwanza kumchanganya abiria mgeni ni ujia. Ujia wa vyumba vya kulala huanza karibu na omo, yaani mbele ya meli, ukaishia karibu na tezi, yaani nyuma; na njiani milango inafanana kama punje za hindi, zulia ni moja, taa ni zilezile. Mtu akitoka kwenye lifti asitulie akatafakari, atatembea mita mia moja kabla ya kugundua kwamba anakipa kisogo chumba chake. Siku ya kwanza nilifanya kosa hilo mara tatu. Kushoto na kulia havikunifaa kitu, kwa sababu nilipogeuka vyote viwili vilibadilishana nafasi. Dira niliyozoea mjini, ya kusema "pale penye duka, pinda", nayo ilishindwa kazi, maana ujia hauna duka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mabaharia wa Kiswahili walihitaji maneno yao wenyewe. Omo na tezi hazibadiliki, ugeuke utakavyo. Wana pia joshi na demani, na hizi huamuliwa na upepo: joshi ni upande unakotoka upepo, demani ni upande unakoelekea. Ndiyo maana wahenga wakasema dau la mnyonge haliendi joshi, kwani kwenda joshi ni kuukabili upepo, na asiye na nguvu hawezi. Meli ya mitambo haiulizi upepo unatoka wapi. Queen Mary 2 haina hata bapa la usukani la kawaida; nyuma yake, chini ya maji, mna mitambo yenye rafadha inayoweza kuzungushwa kuelekea kokote, nayo ndiyo inayoigeuza. Tunaambiwa kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Nilitabasamu nilipoikumbuka methali hiyo katikati ya Atlantiki, ingawa sikuisema kwa sauti mbele ya abiria wenzangu.

Huku kwenye raha zaidi kuliko kote ni sitaha ya saba. Sitaha hii, iliyotandikwa mbao, huizunguka meli nzima bila ya kukatika, na mizunguko mitatu inakaribia kilomita mbili. Kila asubuhi utawakuta watu wa kila namna wakitembea: vikongwe wenye mikongojo, maharusi, matajiri waliovaa viatu vya kukimbilia, na mwalimu mmoja wa isimu aliyevaa koti la kuazima kwa sababu ya baridi. Hakuna anayeulizwa analala sitaha gani. Upepo huwapiga wote sawasawa. Ukiinua macho unaona mashua za kuokolea zikining'inia juu ya kichwa chako, zimepangwa safu mbili, kila upande wa meli safu yake. Hizo mashua tutazirudia.

Sasa tuingie katika hapa. Sitaha ya pili na ya tatu ndizo zilizobeba mahali pa watu wote. Ukianzia omoni utakuta ukumbi wa sinema na mihadhara ambao dari lake hugeuka kuwa anga bandia ya nyota, ukumbi wa kwanza wa aina hiyo kuwekwa baharini. Kisha kuna ukumbi wa michezo ya kuigiza. Katikati ya meli pana sebule kuu iliyopanda orofa kadhaa, yenye ngazi pana, mchongo mkubwa wa shaba ukutani, na vyumba vichache vya ndani ambavyo madirisha yao hayatazami bahari bali huichungulia sebule hiyo. Halafu chumba cha kulia chakula, Britannia, chenye zulia la ukutani lililofumwa na msanii wa Kiholanzi Barbara Broekman, likionyesha meli, daraja na majumba ya New York. Kuelekea tezini pana ukumbi wa dansi, ambamo saa tisa u nusu alasiri chai huandaliwa kwa vitambaa vyeupe na watumishi waliovaa glavu.

Ukumbi wa nyota ulinifikirisha. Watu walilala kwenye viti vya sponji wakatazama nyota zilizorushwa darini kwa mtambo, ilhali ngazi chache juu yao Kilimia na nyota wenzake walikuwa wakipita bure. Mabaharia wa majahazi walizisoma nyota hizo kwa sababu maisha yao yalizitegemea. Sisi abiria tulizisoma ili chakula cha mchana kishuke. Siwalaumu waliobuni ukumbi huo, maana nilijifunza mengi humo; ila nilipotoka nilipanda juu nikazitafuta zile za kweli, nikawakuta watu wawili tu.

Lakini kila hapa ina mlinzi wake, hata kama haonekani. Katika Britannia hula abiria walio wengi. Wapo wengine, waliolipa nauli kubwa zaidi, ambao hula katika vyumba viwili tofauti kwenye sitaha ya saba upande wa tezi, wana ukumbi wao wa mapumziko, na wana baraza lao juu, kwenye sitaha ya 11, ambako lifti haikupeleki mpaka uionyeshe kadi inayostahili. Hakuna kibao kilichoandikwa "Wewe usipite hapa". Kadi husema yote kwa ukimya. Jambo hili si siri, na kampuni za meli hulitangaza waziwazi kama sehemu ya bidhaa zao. Hata mbwa wana anwani: kwenye sitaha ya 12 pana makao yao, na ukarabati wa mwaka wa 2016 uliyaongezea nguzo ya taa ya Kiingereza na bomba la zimamoto la Kimarekani, ili kila mbwa ajisaidie kwa mujibu wa utamaduni wa kwao. Nilicheka sana. Kisha nikakumbuka kwamba chumba changu, sitaha nyingi chini ya mbwa hao, hakikuwa na dirisha.

Mpangilio huu una sarufi iliyo wazi: thamani hupanda juu. Ni kinyume cha nyumba kongwe za mawe za Lamu, ambako mgeni hupokelewa dakani na barazani, na kadiri mtu anavyoingia ndani ndivyo anavyokaribia siri na heshima ya wenye nyumba. Mwenyeji wa Lamu akikuthamini, hukukaribisha ndani. Meli ikikuthamini hukupandisha. Ndiyo maana Mswahili husema "karibu ndani" hata pale ambapo nyumba ina chumba kimoja tu, na ndiyo maana mtumishi wa meli anayekupa habari njema hukuambia kwamba umepandishwa.

Usemi huo wa juu na chini umewahi kugharimu maisha. Titanic ilipozama tarehe 15 Aprili 1912, ilikuwa na watu zaidi ya 2,200 na mashua zenye nafasi ya watu 1,178 pekee. Mashua hizo zilikuwa kwenye sitaha ya juu kabisa, jirani na kumbi za abiria wa daraja la kwanza. Abiria wa daraja la tatu walilazwa sitaha za chini, huko omoni na tezini, na ili wafike kwenye mashua iliwabidi wapite njia wasizozijua, katika sehemu za meli ambamo hawakuruhusiwa kuingia siku zote za safari. Katika daraja la kwanza waliokoka kiasi cha watu sita kwa kila kumi. Katika daraja la tatu aliokoka mmoja kwa kila wanne. Hapakuhitajika mtu mwovu wa kuamuru kwamba maskini wafe. Ramani ilikuwa imekwisha kuchorwa kabla ya meli kuondoka bandarini.

Kwa hiyo nilithamini sana zoezi la siku ya kwanza, ambalo abiria wengi waliliona kuwa usumbufu. Kabla ya meli kung'oa nanga, kila mtu aliitwa kwenye kituo chake cha kukusanyikia, akaonyeshwa namna ya kuvaa jaketi la kujiokolea, akaambiwa king'ora kikilia aelekee wapi. Sheria za kimataifa za usalama wa baharini zimekazwa katika jambo hili: baada ya meli ya Costa Concordia kupinduka pwani ya Italia tarehe 13 Januari 2012 na watu 32 kufa, wakiwemo abiria ambao hawakuwa wamepewa zoezi hilo, iliamuliwa kwamba kuanzia mwaka wa 2015 zoezi lifanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Nilisimama pale na jaketi langu la rangi ya chungwa, kushoto kwangu tajiri, kulia kwangu mtoto, nikawaza habari za nyumbani. Nilikumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama hatua chache kutoka nchi kavu na watu 272 wakaangamia. Hapa pa kuokokea ndipo panapostahili kujulikana na kila abiria, awe amelipa shilingi au dola, na awe anavuka Atlantiki au kivuko cha dakika kumi.

Limebaki jicho la tatu, humu. Abiria hudhani kwamba ameiona meli yote. Ukweli ni kwamba ameona nusu yake. Nyuma ya milango isiyo na maandishi makubwa mna meli nyingine: majiko, madobi, maghala, karakana, zahanati, vyumba vya mabaharia, na ujia mrefu ulionyooka ambamo mizigo na watu hupita usiku na mchana. Katika meli nyingi za Kimarekani wafanyakazi huuita ujia huo I-95, jina la barabara kuu ya pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Meli imepangwa kwa ustadi ili dunia hizo mbili zisigongane. Sahani inatokea mezani, shuka linabadilika kitandani, na abiria hamwoni aliyelipandisha wala ngazi aliyopandia.

Siku ya nne nilikuwa kwenye sitaha ya saba, nikinong'ona huku nikiandika: omo, tezi, shetri, mkuku, ngama. Kijana mmoja aliyekuwa akipangusa vyuma vya ukingoni aligeuka ghafla.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Watoka kwetu?"

"Marahaba. Natoka Kenya. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili."

"Basi mwalimu, neno hilo la ngama, babu yangu hakupitisha siku bila kulitamka. Alikuwa baharia wa jahazi."

Alikuwa mzaliwa wa Mombasa, na kwa miezi mingi hakuwa ameongea Kiswahili na abiria. Nilimwomba anieleze ngama ilivyo, si ya kamusini. Akanieleza kwamba ni pale chini kabisa ndani ya chombo, ambapo maji yote yanayopenya hukusanyika, hata chombo kiwe kizima kiasi gani. Lazima pawe na mtu wa kuyafua maji hayo kwa zamu. Babu yake alianza ubaharia kwa kazi hiyo, akiwa mvulana. "Alikuwa akituambia," kijana akasema, "nahodha huulizwa njia, mfua maji huulizwa uhai."

"Na humu," nikamuuliza, "ngama iko wapi?"

Alicheka. "Ngama ya humu? Ni kule nilalako mimi, mwalimu. Nikiweka sikio ukutani nasikia maji." Hakuyasema hayo kwa kulalamika. Aliniambia ana mdogo wake chuoni na nyumba anayoijenga kidogo kidogo, na kwamba mkataba ukiisha ataomba mwingine. Kisha akatazama saa yake, akaniaga, akafungua mlango mmoja mweupe ambao nilikuwa nimeupita mara ishirini bila ya kuuona, akatoweka.

Nimefundisha methali ile kwa zaidi ya miaka 15. Maana niliyoifundisha si kosa: mtu hurejea asilini. Lakini siku ile niliisikia kwa namna nyingine. Chombo kina omo yake ya fahari na tezi yake ya nahodha, ila kinachoamua kama kitafika ni kile kinachotendeka ngamani. Hata kabla ya meli hii kuanza safari, tarehe 15 Novemba 2003, daraja la kupandia liliporomoka karakanani Saint-Nazaire na watu 16 wakapoteza maisha, wakiwemo jamaa za wafanyakazi waliokuwa wamealikwa kuja kuitazama kazi ya mikono ya wapendwa wao. Anayesimulia urembo wa sebule kuu na asiwataje hao amesimulia nusu ya meli.

Nisije nikamwacha msomaji na dhana kwamba mpangilio wa meli ile wote ni wa kutenganisha. Nilikuta hapa moja iliyonishangaza kuliko zote. Kwenye sitaha ya nane, omoni kabisa, ambapo madirisha hutazama mbele ya meli na bahari yote inayokuja, ni mahali ambapo mfanyabiashara yeyote angeweka vyumba vya bei kubwa. Pamewekwa maktaba. Meli ilipozinduliwa maktaba hiyo ilikuwa na vitabu vipatavyo 8,000, katika kabati za mbao zenye milango ya vioo, na viti vya ngozi vinavyoelekea majini. Kadi ya chumba kisicho na dirisha huifungua sawa na kadi ya sitaha ya 11. Nilikaa humo alasiri nyingi. Mimi nisiyekuwa na dirisha nikawa na dirisha bora kuliko karibu kila abiria, kwa sababu tu nilikuwa na hamu ya kusoma.

Waliojenga meli ile ni watu wa biashara, na kila mita ya mraba ina bei. Kuipa maktaba omo ni kauli nzito kuliko hotuba yoyote ya siku ya vitabu. Hapo nikazikumbuka shule zetu. Nimetembelea nyingi kusimamia wanafunzi wangu wakiwa katika mazoezi ya kufundisha. Zipo ambazo maktaba ni fahari yao, nazo zastahili pongezi. Lakini nyingi mno nimeonyeshwa chumba kilicho mwisho wa ujia, karibu na stoo ya majembe, kimefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mwalimu aliyesafiri. Ofisi ya mkuu inatazama lango na maua. Ubao wa matokeo ya mtihani umepakwa rangi mpya. Vitabu viko gizani. Shule hiyo yaweza kuandika kwenye lango lake kaulimbiu yoyote kuhusu elimu na mwangaza. Mahali ilipoiweka maktaba pamekwisha kuitolea ushahidi.

Isitoshe, kila shule ina ngama yake. Ni nani huamka saa kumi za usiku kuwasha moto wa uji? Mlango wa jikoni unatazama wapi? Mpishi na mlinzi hula wapi, na vyoo wanavyotumia viko umbali gani? Mwanafunzi aliyekaa miaka minne katika shule ya bweni hujua majina ya magavana wote, na huenda asijue jina la mtu aliyempikia milo elfu kadhaa. Hatukumfundisha hivyo kwa maneno. Ramani ya shule ilimfundisha, kila siku, kwa kumpitishia mpishi nyuma ya majengo.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wenzangu wa Kiswahili. Mtakapofika kwenye ngeli ya PAKUMU, msiwape wanafunzi sentensi za kukamilisha peke yake. Watoeni darasani, kila mmoja na karatasi yake, wachore ramani ya shule yao. Waandike hapa pana nini, huku kuna nini, humu mna nini. Waonyeshe njia anayopita mkuu wa shule na njia anayopita mpishi, waone kama zinakutana. Waulize ni mahali gani ambapo kila mtu, mwenye karo na mwenye deni la karo, huingia bila ya kubisha. Na wale walio karibu na Lamu, Mombasa au Vanga wawapeleke wanafunzi wakaone jahazi, waingie mpaka ngamani, wamuulize baharia hufuaje maji, kabla ya maneno hayo hayajabaki kamusini pekee.

Asubuhi ya mwisho tuliingia New York kabla ya jua kuchomoza. Abiria walijaa omoni kulitazama daraja likipita juu ya dohani, kila mmoja na kamera yake, nami nilikuwamo. Nilipogeuka kumtafuta kijana wa Mombasa ili nimuage, sikumwona, na mlango mweupe ulikuwa umefungwa. Bila shaka alikuwa huko chini, akishughulika na mizigo yetu.